Ñ haitoki, na ng'ombe anageuka ngómbe: matatizo ya kuandika Kihispania kwenye kompyuta na jinsi ya kuyamaliza

Nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, kazi ni zile zile za kila siku, barua, CV, kuskani vyeti, kuprinti mitihani. Ila siku hizi na Kihispania kimeingia. Kuna dada anauza parachichi za Rungwe, anaandikiana na mnunuzi wa Hispania. Kuna vijana wa Iringa wanapeleka wageni Ruaha, wanataka karatasi za kukaribishia wageni ziwe zimeandikwa sawasawa. Kuna sista anaandika ripoti kwa wafadhili. Wote shida zao zinafanana, na wengi wanafika wakiwa wameshaambiwa na mtu kwamba kibodi imekufa wanunue nyingine. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kibodi ni nzima kabisa na mtu alikuwa anaenda kutoa hela yake bure.

Kabla ya yote, msikubali kuambiwa "we andika tu bila vile vialama, wataelewa". Kihispania kina herufi 27 na ñ ni herufi kamili inayojitegemea, sio n iliyovishwa kofia. Inasomwa kama ny yetu ya nyama. Ukiandika año ni mwaka, ukiandika ano umetaja tundu la haja kubwa, sasa fikiria barua ya biashara inayomwambia mnunuzi una uzoefu wa miaka kumi halafu hiyo miaka imeandikwa bila kiwimbi (~) cha juu ya n. Papá ni baba, papa kwa watu wa Amerika ya Kusini ni kiazi mviringo. Sisi wenyewe tunalijua hili ila hatuliandiki, barabara ya kwenda Tukuyu na mambo kuwa barabara yanaandikwa sawa, mkazo ndo unatofautisha mdomoni. Wenzetu mkazo ukitoka pale unapotegemewa wanauandika, ndo maana alama ni lazima.

Kwanza kabisa, kabla hujagusa chochote

Angalia kona ya chini kulia ya skrini, karibu na saa. Kuna herufi kama ENG au ESP, na chini yake mara nyingi US, UK au INTL. Hapo ndo penye siri ya matatizo mengi nitakayoyataja. Kompyuta haioni kilichochorwa juu ya kitufe. Ukibonyeza, kibodi inatuma tu taarifa kwamba kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa, halafu Windows inaangalia mpangilio uliochaguliwa na kuamua itoke herufi gani. Kwahiyo kibodi iliyochorwa Kiingereza inaweza kuandika Kihispania vizuri kabisa bila kununua kitu.

Nabonyeza Alt na namba, hakitoki kitu au kinatoka kitu kingine

Hii ndo naletewa zaidi. Sababu ya kwanza, inayowapata karibu wote, ni kutumia namba za mstari wa juu. Hazifanyi kazi. Lazima ziwe zile namba za upande wa kulia zilizokaa pamoja kama kwenye kikokotoo. Shikilia Alt ya kushoto, andika namba zote huku bado umeshikilia, ndo uachie. Herufi inatokea ukiachia, sio kabla.

Sababu ya pili NumLock imezimwa, iwashe uone taa yake. Ya tatu umeshika Alt ya kulia, na kwenye baadhi ya mipangilio Alt ya kulia ina kazi nyingine kabisa (tutaikuta mbele).

Ya nne ni sifuri, na hii ndo inayochanganya watu kwa sababu kuna orodha mbili za namba zinazozunguka, ya zamani isiyoanza na sifuri na mpya inayoanza na sifuri, mtu anachukua namba ya huku anaisoma kama ya kule. Alt na 0241 ni ñ. Alt na 241 bila sifuri inakupa ±. Alt na 164 ni ñ vilevile, ila 0164 inatoa ¤. Chagua orodha moja ubaki nayo. Mi natumia hii, nimeibandika ukutani:

á 0225, é 0233, í 0237, ó 0243, ú 0250, ñ 0241, ü 0252
Á 0193, É 0201, Í 0205, Ó 0211, Ú 0218, Ñ 0209, Ü 0220
¿ 0191, ¡ 0161

CapsLock haisaidii hapa, herufi kubwa ina namba yake. Na usidanganywe kwamba herufi kubwa haziwekwi alama, kanuni za Kihispania zinataka ziwekwe, kichwa cha barua kikiwa chote herufi kubwa bado inakuwa ESPAÑA na ALMERÍA.

Sababu ya mwisho ni laptopu ndogo isiyo na namba za pembeni kabisa. Zile za zamani zilikuwa na namba ndogo zimechorwa kwenye U, I, O, J, K, L unazipata kwa Fn, nyingi za sasa hazina. Usihangaike. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nukta, litafunguka dirisha la emoji, nenda sehemu ya alama utakuta herufi za Kilatini. Au tafuta Character Map, programu iko ndani ya Windows tangu zamani, chagua herufi, kopi, pesti. Kwa neno moja moja inatosha. Kwa barua ya kurasa tatu utachoka, kwahiyo soma kinachofuata.

Nimeweka mpangilio wa alama, sasa kiritifaa hakitoki na ng'ombe anakuwa ngómbe

Hapa ndo nataka tukae, kwa sababu maelekezo mengi yanaandikwa na watu wasioandika Kiswahili na hili hawalijui.

Mpangilio unaopendekezwa sana unaitwa United States-International. Ni mzuri kweli. Vitufe vinabaki palepale ila vichache vinakuwa vya kusubiri, ukibonyeza ritifaa (kile kialama ' cha kwenye ng') haitokei kitu, inasubiri herufi inayofuata. Ikija a inatoka á, ikija e inatoka é. Kile kiwimbi cha kushoto kwa namba 1, ukishika Shift ukakibonyeza halafu n, unapata ñ. Alama ya kunukuu ikifuatiwa na u ni ü, ya pingüino. Ukishazoea unaandika Kihispania kwa kasi kama Kiswahili.

Sasa rudi kwenye Kiswahili. Unaandika n, g, ritifaa, o. Kompyuta inaona ritifaa na o, inakupa ó. Ng'ombe anakuwa ngómbe. Ng'ambo inakuwa ngámbo. Ng'ang'ania inatoka ngángánia. Na ukifungua nukuu uandike Asante inatoka Äsante, na ritifaa ikikutana na c inatoka ç. Nilikaa na mwalimu mmoja aliyeleta mtihani wa Kiswahili wa darasa la nne, kurasa mbili zote ng' zimeharibika, yeye anabonyeza ritifaa mara mbili mara tatu anafuta anarudia, anajua kitufe kimeingia vumbi maana ilikuwa mwezi wa tisa, vumbi la Mbeya mnalijua. Nikaangalia kona ya chini, INTL. Mtoto wake alikuwa anajifunza Kihispania kwenye ile laptopu akabadilisha, basi. Tukarudisha US, tukarekebisha maneno, akaondoka.

Tiba ya haraka: bonyeza ritifaa halafu spesi, ritifaa inatoka yenyewe, endelea na o. Kwa neno moja hiyo poa.

Tiba ya kudumu ni kuwa na mipangilio miwili, US ya kawaida kwa Kiswahili na International kwa Kihispania. Ingia Settings, Time & Language, halafu Language (kwenye Windows 11 imeandikwa Language & region), nenda kwenye English, fungua Options, bonyeza Add a keyboard, chagua United States-International. Usiifute ile ya US. Kuanzia hapo kitufe cha Windows pamoja na spesi ndo swichi yako, angalia kona ya chini uone imekuwa ipi kabla hujaanza kuandika. Hailipiwi na hauhitaji intaneti.

Ukiwa kwenye International, Alt ya kulia nayo inafanya kazi: pamoja na n inatoa ñ, na a inatoa á, hivyohivyo e, i, o, u, pamoja na y inatoa ü, na 1 inatoa ¡, na kitufe cha alama ya kuuliza bila Shift inatoa ¿. Wengine wanaona hii rahisi kuliko kusubirisha ritifaa. Ndo maana nikasema pale juu Alt ya namba iwe ya kushoto.

Nimeweka Spanish yenyewe, @ imepotea na alama zote zimehama

Hazijapotea, umehamia kwenye nyumba ya Wahispania. Ñ inakuwa kulia kwa L, palipokuwa nukta mkato. Kinachofuata baada yake ndo kitufe cha mkazo, bonyeza hicho kwanza halafu irabu. Ritifaa ya ng' imehamia kulia kwa sifuri, na alama ya kuuliza iko hapohapo ukishika Shift. Kitufe kinachofuata kinatoa ¡, na Shift inatoa ¿. Nukta mbili ni Shift na nukta, nukta mkato ni Shift na koma, mkwaju (/) ni Shift na 7. @ ni Alt ya kulia na 2.

Ukifanya hivyo vyote havikubali, kuna uwezekano umeweka ya Amerika ya Kusini, Windows inaiita Latin American, ni tofauti. Huko @ ni Alt ya kulia na Q, mkazo uko kulia kwa P. Rudi Settings uone uliyochagua.

Kwa anayeandika Kihispania siku nzima mpangilio huu ndo bora. Kwa mtu wa barua mbili kwa mwezi mi nashauri International, vidole havilazimiki kujifunza upya.

SIMAMA HAPA: kama nywila inakataa baada ya kuweka mpangilio mpya, usiendelee kubahatisha. Nywila inaandikwa kwa vinukta, huoni kwamba @ yako imetoka kama ". Kwenye skrini ya kuingilia angalia kona, kuna ENG au ESP, badilisha ndo uandike. Na kama ni mfumo wa benki au wa ofisini, ukikosea mara mbili acha, piga simu kwa mtu wa IT, mifumo mingi ya namna hiyo inafunga akaunti baada ya majaribio machache.

Inajibadilisha yenyewe katikati ya kazi

Haijibadilishi, vidole vinagusa. Alt na Shift za kushoto kwa pamoja zinabadilisha lugha, Ctrl na Shift nazo zinaweza kubadilisha mpangilio, na watu wanaochagua maandishi kwa Shift wanazigusa bila kujua. Settings, tafuta Advanced keyboard settings, halafu Input language hot keys, zima zote, ubaki na kitufe cha Windows na spesi. Sababu nyingine, adimu zaidi, ni kutiki kile kisanduku cha kila dirisha kuwa na mpangilio wake, kiko hapohapo, kitoe.

Kwenye Word tu

Word ina njia zake ambazo hazifanyi kazi kwingine, mtu anazizoea halafu akifika kwenye barua pepe anasema kompyuta imeharibika. Ctrl na ritifaa, achia, halafu a, unapata á. Ctrl na Shift na kiwimbi, achia, halafu n, ni ñ. Kuna na ya kuandika 00F1 halafu Alt na X, inageuka ñ, ila angalia, ukiiandika moja kwa moja baada ya Espa, Word inaweza kuihesabu ile a kuwa sehemu ya namba ikakuletea alama ya ajabu, kwahiyo chagua kwanza zile nne za mwisho ndo ubonyeze.

Mistari myekundu chini ya kila neno sio kosa lako, Word inadhani ni Kiingereza. Chagua maandishi, ingia Review, Language, Set Proofing Language, weka Spanish.

Niliandika España, mwenzangu amepata EspaÃ±a

Hapa kibodi haihusiki kabisa, faili ndo limesomwa vibaya. Siku hizi maandishi mengi yanasevuliwa kwa mfumo unaoitwa UTF-8, ambao ñ inahifadhiwa kama vipande viwili. Programu ikidhani ni mfumo wa zamani wa Windows inasoma kila kipande kama herufi yake, ndo unaona Ã±. Ukishajua hivyo unaweza hata kusoma kilichoharibika: Ã¡ ni á, Ã© ni é, Ã³ ni ó, Ãº ni ú, Â¿ ni ¿. Í inadanganya, kipande chake cha pili hakionekani, unaona Ã peke yake.

Dada wa parachichi aliniletea orodha ya miji ya wateja, faili la CSV (orodha ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma), amelibonyeza mara mbili likafunguka Excel, Málaga imekuwa MÃ¡laga, Almería imekuwa AlmerÃa, na alikuwa ameshaanza kufuta kwa mkono mstari kwa mstari ili aprinti lebo za maboksi. Nikamwambia dada acha kwanza. Tukafunga bila kusevu. Excel tupu, Data, From Text/CSV, chagua faili, pale penye File Origin chagua 65001: Unicode (UTF-8), Load. Yote ikakaa sawa, dakika mbili. Wakati wa kusevu tukachagua CSV UTF-8 ili anayefuata asipate shida ileile.

Ukiona � au alama ya kuuliza katikati, Espa?a, hiyo ni upande wa pili. � inaweza kuwa faili la mfumo wa zamani limesomwa kama UTF-8, bado linaokoka ukilifungua kwa mfumo wake, funga tu bila kusevu. Ila ikishasevuliwa kama ? ya kawaida herufi imekwenda, hamna programu ya kuirudisha, unaomba faili la mwanzo. Kwahiyo kopi ya faili ulilotumiwa iweke pembeni kabla hujalifungua, na ukiwa na orodha ya maelfu ya mistari iliyosevuliwa vibaya zaidi ya mara moja mpelekee mtu anayejua data, usitumie kutafuta-na-kubadilisha kwa kukisia.

Vinatoka viboksi vitupu

Fonti haina herufi hizo. Inatokea sana kwenye fonti za maua tunazotumia kwenye kadi za harusi. Calibri, Arial, Times New Roman zote zinazo. Badilisha fonti ya kichwa kizima, usibadilishe ñ peke yake maana itaonekana kama kiraka.

Mac na Ubuntu

Mac: shikilia irabu kidogo kitafunguka kidirisha cha kuchagua. Au Option na e halafu irabu, Option na n halafu n. Option na 1 ni ¡, Option na Shift na kitufe cha kuuliza ni ¿. Ubuntu: Ctrl, Shift na u, andika 00f1, Enter.

Jina lenye ñ linakataliwa kwenye tiketi

Vijana wa utalii hii ni yenu. Ile mistari ya chini ya pasipoti yenye <<< ina A hadi Z na namba tu, hamna ñ wala á. Kwenye tiketi ya ndege fuata hiyo mistari ilivyoandika, usikisie. Kwenye bango la kumpokea mgeni andika jina lake kamili na alama zake, anafurahi kweli akiliona.

Kitufe chenyewe kimekufa kweli

Hii naiweka mwisho kwa sababu ndo ya mwisho kwa kutokea. Fungua kibodi ya kwenye skrini, kitufe cha Windows na Ctrl na O. Bonyeza kitufe unachokishuku kwenye kibodi halisi. Kikiwaka kwenye skrini, kitufe ni kizima, rudi juu ukaangalie mpangilio. Kisipowaka, zima kompyuta, igeuze, ipige taratibu vumbi lidondoke, pitisha brashi laini kavu. Bado? Azima kibodi ya USB uchomeke. Ya USB ikifanya kazi, tatizo ni kibodi ya laptopu na hapo ndo fundi anaingia.

Usifungue laptopu mwenyewe. Zima, chomoa chaja, mpelekee fundi bila kuiwasha tena kama imemwagikiwa chai au soda, hata kama inaonekana inafanya kazi, maana sukari ikishaingia kwenye ubao ukiwasha unaunguza. Usiianike juani, usiiweke karibu na jiko la mkaa hata kama ni Juni na baridi yetu hii. Na kama vitufe vimeinuka katikati au padi ya kugusia imebinuka, hiyo ni betri imevimba, usibonyeze zirudi chini, usichaji, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, mpigie fundi siku hiyohiyo.

Fundi akisema kibodi ibadilishwe, mwombe akuoneshe kwanza kile kitufe kikikataa kuwaka kwenye kibodi ya skrini.